PESA ZA NASARI ZITOKE WAPI?



Kila mara kurasa hizi huandika habari za mishahara, saa za zamu, nyumba na malipo ya uzeeni. Safari hii twaandika habari ya shilingi hamsini. Ni ile shilingi hamsini ambayo mama wa Mukuru, wa Mathare, wa Kibera au wa Korogocho huitoa kila asubuhi kabla hajajua kama siku hiyo atapata kazi au hatapata. Pengine ni hamsini, pengine sabini, pengine mia. Huitia mkononi mwa mama mwingine aliyekodi chumba kimoja cha mabati, akatandika mkeka, akakusanya humo watoto kumi, kumi na wanne, au zaidi, tangu alfajiri mpaka jua litue. Wengine hupaita mahali hapo deikea, wengine nasari, na wengine husema tu kwa mama fulani. Asiye na pesa asubuhi hurudi na mtoto wake nyumbani, na kazi ya siku hiyo imempita.

Ziko nyumba za namna hii zilizo safi, ambamo watoto huimba, huhesabu vifuniko vya soda na hunywa uji wa moto. Ziko nyingine zisizo na dirisha hata moja, jiko la makaa likiwaka karibu na kichwa cha mtoto, na wachanga wakilazwa kutwa nzima kama mizigo ndani ya behewa. Hatumlaumu mama wa deikea. Watoto kumi na wanne kwa shilingi 50 ni shilingi 700, ikiwa wote wamelipa, nao hawalipi wote. Katika hizo alipe kodi ya chumba, anunue maji ya mtungi, unga, sukari, makaa na sabuni, ampe kitu msichana wa kumsaidia, kisha yeye mwenyewe ale. Mtu anayejua bei ya mtungi wa maji katika mitaa ile hataona ajabu kwamba uji ni mwepesi.

Sasa tumtazame mzazi. Tumchukue mama mwenye watoto wawili wadogo, anayelipa shilingi 70 kwa kila mmoja kwa siku ishirini na sita za mwezi. Hiyo ni shilingi 1,820 kwa mtoto mmoja, na shilingi 3,640 kwa wote wawili. Amri ya mishahara ya 2024 iliandika kwamba kibarua wa Nairobi apate angalau shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Basi zaidi ya sehemu moja katika tano za mshahara huo imekwisha kabla ya kodi ya nyumba, kabla ya nauli, kabla ya unga. Na hapo tumesema kwa yule aliyeandikwa na kulipwa kama sheria inavyotaka. Wale wanaofua nguo Eastleigh na South B, wauza mboga kando ya reli na vibarua wa siku wa Industrial Area wangefurahi kuiona hiyo 16,113.75 hata mara moja kwa mwaka.

Kuna ndugu zetu ambao wakiisikia habari hii husema, "Hayo ni mambo ya akina mama, chama kishughulike na mishahara." Twawauliza ndugu hao, huyo kijana wa gengi la njia anapokwenda kazini siku tano huko nje ya mji, mtoto wake anashikwa na nani? Mkewe akiacha kibanda chake cha mboga ili akae na mtoto, si pato la nyumba hiyo limepungua sawasawa na kama mwajiri amekata mshahara? Na baba mwenyewe akibaki mjane? Wako wanachama wetu wa namna hiyo, nao hubeba mtoto mpaka mlango wa deikea saa kumi na moja alfajiri wakiwa wamevaa nguo za kazi. Hilo ni jambo la mshahara kabisa.

Tena si jambo geni katika nchi hii. Mji wa Nairobi ulianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, na tangu mwanzo mfanya kazi Mwafrika alihesabiwa kama mtu mmoja asiye na jamaa. Alipewa nafasi ya kulala na mshahara wa mseja, kwa sababu wakubwa walisema mke na watoto wako rizavu na shamba litawalisha. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter iliyochunguza mishahara ya Waafrika ilisema wazi kwamba mpango huo haufai, na kwamba mshahara yafaa uhesabiwe kwa mtu mwenye jamaa. Wazee wetu wa vyama waliishika habari hiyo na kuipigania. Wakubwa wale wamekwenda zao, lakini fikira yao haijaenda yote. Mpaka leo mwajiri anaajiri mikono miwili, na mtoto aliye nyuma ya mikono hiyo anahesabiwa kuwa yuko mahali fulani, anatunzwa na mtu fulani, kwa pesa za mtu fulani.

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya kukaa na mtoto mchanga huku akilipwa mshahara wake kamili. Hilo ni jema, nalo halikuja bure. Kwa upande wa pili, masomo ya nasari yanaanza mtoto akiwa na miaka minne, katika ile miaka miwili inayoitwa PP1 na PP2, tangu mtaala mpya ulipoingia shuleni mwaka 2019. Hesabu mwenyewe. Kati ya miezi mitatu na miaka minne kuna miaka mitatu na miezi tisa. Katika muda huo wote mama yuko kazini, na mtoto hana mahali palipolipiwa na mtu yeyote ila mama huyo. Ndipo zile deikea za mabati zilipozaliwa. Hazikuletwa na uvivu wa wazazi wala na tamaa ya wenye vyumba.

Sasa tuulize kazi hii ni ya nani kwa sheria, maana wengi wetu tumekuwa tukipiga hodi mlango usio wake. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, sehemu ya pili, imeziandika kazi za serikali za kaunti. Humo imetaja elimu ya kabla ya shule ya msingi. Imetaja pia, na hili watu hawalisomi, mahali pa kutunzia watoto. Mambo hayo mawili yameandikwa pamoja katika mstari mmoja. Basi Gavana hawezi kusema kwamba nasari ni yake lakini deikea si yake. Vyote viwili viliwekwa mikononi mwa kaunti, na kaunti zimekuwa na fedha zake tangu 2013, kwa kuwa Katiba inaagiza zigawiwe zisizopungua sehemu 15 katika 100 za mapato ya serikali kuu yaliyokwisha kaguliwa na kukubaliwa na Bunge.

Watu wa mitaa yetu wakitaka nasari humwendea Mbunge kwa sababu ya ule mfuko wa jimbo. Wanapoteza nauli. Sheria ya mfuko huo ya 2015 iliufungia katika kazi za serikali kuu tu, na nasari si kazi ya serikali kuu. Mtu wa kumsumbua ni mwakilishi wa wadi katika Bunge la Kaunti, yule ambaye twamwona wakati wa kura na wakati wa matanga.

Watoto hawa wadogo wamesahauliwa mara nyingi. Mwanzo wa 1974 karo iliondolewa katika madarasa manne ya kwanza ya shule ya msingi. Mwaka 1979 ada za majengo zikaondolewa na maziwa yakagawiwa shuleni. Mwaka 2003 elimu ya msingi ikafanywa bure tena, na serikali ikatoa shilingi 1,020 kwa mwaka kwa kila mtoto. Mara zote tatu tulishangilia, na haki tulikuwa nayo. Lakini mara zote tatu mlango ulifunguliwa kuanzia darasa la kwanza, na nasari ikaachwa nje ijilipie. Baada ya 2003 ikatokea jambo ambalo mtu yeyote angelitazamia. Wazazi wengine waliwaweka watoto nyumbani wakingoja umri wa kuingia darasa la bure, kwa nini walipe nasari? Mtoto akaingia darasa la kwanza hajui kushika penseli, katika chumba chenye watoto themanini au mia, na mwalimu mmoja.

Hapo katikati nasari zilijengwa na nani? Zilijengwa na sisi. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 tuliambiwa Harambee, na wazazi wakaleta mchanga, wakaleta mabati, wakamlipa mwalimu kwa mahindi na shilingi chache, nasari zikaota kila pahali. Hatuidharau kazi ile. Lakini Harambee ilikuwa na ubaya wake, nao ni huu: mahali palipo na watu wenye kitu panapata nasari yenye sakafu na mwalimu aliyesoma, na mahali palipo na maskini panapata chumba na mkeka. Sisi watu wa reli twalielewa jambo hili upesi. Hakuna njia ya garimoshi iliyojengwa kwa kila abiria kuambiwa alete taruma lake moja na kipande chake cha chuma. Kama ingalijengwa hivyo, ingekuwa na mapengo yote katika vijiji vya maskini, na garimoshi lisingefika popote.

Tangu kaunti zishike kazi hii, zimefanya nini? Zimejenga. Katika kaunti nyingi ukiuliza habari za nasari utaonyeshwa madarasa mapya yenye rangi na jiwe la ufunguzi lenye jina. Mashambani mpango huo unaweza kufaa, kwa sababu kiwanja kipo. Katika mitaa ya mabanda haufai sana, na twasema hivyo waziwazi ingawa jiwe la ufunguzi linawapendeza wakubwa. Mukuru hakuna kiwanja. Ardhi ina mashauri ya hati, kila ploti imejaa vyumba, na kabla darasa moja halijamaliza kesi zake mtoto aliyekusudiwa ameshaota ndevu. Ikipatikana nafasi ya darasa, huwa mbali, ng'ambo ya barabara ya malori, na mtoto wa miaka mitatu hawezi kuvuka peke yake. Tena darasa hilo linafungwa adhuhuri, na kiwanda kinafunga jioni.

Kwa hiyo neno letu ni hili. Katika mitaa ya mabanda fedha ya kaunti yafaa imfuate mtoto hapo alipo sasa, yaani katika chumba cha mama wa deikea, kuliko kungoja mtoto aifuate fedha mpaka kwenye jengo ambalo halijajengwa. Kaunti imwandikishe mama huyo. Afisa wa afya aje akitazame chumba, aseme dirisha litobolewe hapa, jiko litoke nje, watoto wasizidi idadi fulani kwa mtunzaji mmoja. Mama apewe mafunzo. Akiyafanya hayo, kaunti imlipe sehemu ya malipo kwa kila mtoto wa jamaa maskini aliye kwake, kila mwezi, kwa simu, kwa hesabu inayobandikwa mlangoni ili kila mzazi aisome. Akiyakataa, asilipwe. Mzazi aongeze kidogo, kwa kadiri ya uwezo wake.

Tunajua watu watasema kwamba hiyo ni kutia fedha ya umma katika biashara ya mtu binafsi, na baadhi ya wanachama wetu, wanaochukia kuona mali ya wote ikiuzwa, watakuwa wa kwanza kusema. Tumeifikiri hoja hiyo. Tungeikubali kama tungekuwa twasema habari ya matajiri wenye shule za karo kubwa. Lakini mama wa deikea si tajiri. Ni mfanya kazi kama sisi, tena wa chini kabisa, anayefanya kazi ya kaunti bila kulipwa na kaunti. Na kumnyima yeye hakujengi nasari ya umma hata moja. Nasari za kaunti na ziendelee kujengwa pale penye kiwanja, lakini mtoto aliyezaliwa mwaka huu hawezi kuambiwa angoje.

Jambo la chakula laonyesha hasara ya kuwatazama watoto wa majengo ya serikali peke yao. Mwaka 2023 Kaunti ya Nairobi ilianzisha ule mpango wa chakula cha mchana unaoitwa Dishi na County, mzazi akilipa shilingi 5 kwa sahani moja. Twaupongeza kabisa. Shilingi tano si kitu mbele ya bei za leo, na mtoto aliyeshiba husikia anachofundishwa. Lakini mpango ulipangwa kwa shule za umma, na katika mitaa ya mabanda watoto wengi sana wako katika shule ndogo za watu binafsi na katika deikea, kwa sababu za umma hazitoshi. Yule aliye maskini kuliko wenzake ndiye hununua chakula kwa bei ya dukani. Jiko lililopo lingeweza kupeleka sufuria kwa mama aliyeandikishwa pia, na hatuoni ugumu wake.

Na kama kuna anayesema kwamba kulipia deikea ni kutupa fedha, kuna uchunguzi uliofanywa Korogocho na kuchapishwa mwaka 2019. Wachunguzi waliwapa akina mama wengine vocha za kulipia watoto wao deikea, wengine hawakupewa, kisha wakalinganisha. Kati ya waliopewa, walioajiriwa au kujipatia kazi waliwazidi wenzao kwa kadiri ya 8.5 katika kila mia. Wengi wa waliofaidi kwa njia hiyo walikuwa na waume. Wale wanaolea peke yao walikuwa wakifanya kazi tangu zamani, wangekula nini? Hao walichopata ni kingine: waliweza kwenda kwenye kazi za saa chache zaidi bila pato lao kupungua. Kwa mtu aliyekuwa akitoka nyumbani gizani na kurudi gizani, hayo si madogo, na mtoto wake pia anamwona mama.

Tukifika kwenye swali lenyewe la pesa zitoke wapi, twaona mikoba mitatu. Wa kwanza ni makisio ya kaunti. Hapa wanachama wengi watashangaa, kwa maana jambo hili halitangazwi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 137, imeamuru kila kaunti iwe na Baraza la Bajeti na Uchumi, ambalo Gavana ni mwenyekiti wake. Katika baraza hilo wasio watumishi wa kaunti wawe sawa kwa hesabu na mawaziri wa kaunti, na watajwe na vyama vya wataalamu, wafanya biashara, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee, watu wa dini, na watu wanaoshughulikia mambo ya wafanya kazi. Ndiyo, mambo ya wafanya kazi yametajwa katika sheria. Kiti kipo. Uliza katika kaunti yako ni nani anayekikalia kwa jina letu, alitajwa na chama gani, na lini aliwahi kurudi kutueleza waliyosema huko. Tumeuliza wenzetu kadhaa na hakuna aliyelijua jina.

Mkoba wa pili ni ule wa nyumba. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, kila mwenye mshahara hukatwa 1.5 katika kila mia, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Makato hayo tumeyapigia kelele na hatujaacha. Lakini madhali yanakatwa, tuisome sheria yenyewe. Inasema fedha hizo ni za nyumba pamoja na majengo na huduma za jamii zinazoambatana na nyumba. Basi nyumba hizo zikijengwa Mukuru au popote pengine kwa jasho letu, chumba cha chini cha kila jengo kitengwe kiwe deikea na nasari, mapema, katika ramani, kabla ya duka la simu na kabla ya ofisi ya wakala. Kiwanja ambacho tumesema hakipatikani kitapatikana hapo. Hatuombi makato mapya.

Tena tusisitize hapo. Karatasi ya mshahara ya mfanya kazi imejaa mistari: kodi, akiba ya uzeeni, nyumba, na tangu Oktoba 2024 ile 2.75 katika mia ya afya. Mtu akileta mstari wa nasari aukatwe mfanya kazi, chama kimpinge. Mkoba wa tatu ni wa mwajiri, atoe yeye mwenyewe.

Si jambo la ajabu. Mwajiri wa Kenya tangu zamani hutoa ada ya mafunzo ya viwanda, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila aliyemwajiri, kwa sababu ilionekana kwamba anayefaidi ujuzi wa fundi achangie kumfundisha. Anayefaidi mikono ya mama na baba si achangie kumtunza mtoto? Shilingi 50 nyingine kama hiyo, kwa kila wafanya kazi milioni moja, ni shilingi milioni 600 kwa mwaka. Mwajiri mwenye watu mia angetoa shilingi 5,000 kwa mwezi. Wenye viwanda watalia kwamba watafunga milango. Walilia hivyo pia habari ya likizo ya uzazi.

Nchi nyingine ilikwisha kupita njia hii, nayo si tajiri kama Ulaya. Kolombia, huko Marekani ya Kusini, ilipitisha Sheria Nambari 27 mwaka 1974, waajiri wa serikali na wa kampuni wakatakiwa kutoa sehemu 2 katika 100 za jumla ya mishahara waliyolipa, kwa ajili ya vituo vya watoto wa wafanya kazi walio chini ya miaka saba. Mwaka 1988 sheria nyingine iliipandisha ikawa 3. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 fedha hizo zikaanza kuwafikia akina mama wa mitaa ya maskini, kila mmoja akiwatunza watoto kumi na kitu nyumbani mwake, kwa chakula na usimamizi wa serikali. Baadaye, mwaka 2012, waajiri walipunguziwa mzigo huo juu ya mishahara na kodi ikahamishiwa zaidi kwenye faida za kampuni. Njia ya kukusanya ilibadilika, lakini akina mama waliendelea kutunza watoto.

Lakini wenzetu wa Kolombia wana funzo chungu pia, nasi kama chama haitupasi kulificha. Akina mama wale kwa miaka mingi waliitwa watu wa kujitolea. Walipewa kitu kidogo kisichoitwa mshahara, hawakuwa na uzeeni wa haki, na iliwabidi kupigana mpaka 2014 ndipo wakaanza kuandikiwa mikataba ya kazi kwa mshahara wa chini wa nchi. Tukiingia katika mpango huu Kenya bila kulisema jambo hilo mapema, yatatupata hayo hayo. Tayari waalimu wa nasari waliochukuliwa na kaunti, kwa kuwa hawako chini ya Tume ya Waalimu, wengi wao wamekaa kwenye mikataba ya muda na mishahara ambayo mwalimu wa darasa la kwanza, jirani yao katika uwanja mmoja, hawezi kuikubali. Kazi ni moja, chaki ni moja. Mtunzaji na mwalimu wa mtoto mdogo waandikwe kama wafanya kazi tangu siku ya kwanza, na sisi tuwape nafasi katika umoja wetu badala ya kungoja watuombe.

Kalenda ya fedha za kaunti imo katika sheria. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye Bunge la Kaunti kabla ya 1 Septemba. Waraka wa mwelekeo wa fedha, ambao ndio unaokata mafungu makubwa, ni kabla ya 28 Februari. Makisio yenyewe ni kabla ya 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza 1 Julai. Anayekwenda kulalamika mwezi wa Mei amekuta mafungu yamekwisha gawanywa, amebaki kupiga makofi.

Basi twaomba kila tawi lililo Nairobi, Mombasa, Nakuru, Kisumu na Eldoret lifanye mambo mawili katika mkutano wake ujao. Liandike barua kwa Gavana kuuliza jina la mtu anayewakilisha mambo ya wafanya kazi katika Baraza la Bajeti, na kama kiti ki wazi, lipendekeze mtu, afadhali mama anayelipa deikea yeye mwenyewe. Pili, kila mwanachama anayempeleka mtoto kwa mama wa deikea alete kwa katibu wa tawi karatasi yenye mtaa wake, malipo ya siku, idadi ya watoto walio katika chumba hicho, na kama kuna dirisha. Jina la mama huyo lisiandikwe, asije akaletewa askari wa kufunga chumba. Karatasi zikifika kwetu kabla ya mwisho wa Januari tutazijumlisha na kuzipeleka pamoja na barua, wakati mafungu bado hayajakatwa.

Mwanachama wa Reli, Nairobi